Kitabu cha Nyimbo Kinachonuka Dagaa

Leo nimefungua kitabu cha nyimbo cha bibi, na bado kinanuka dagaa. Hasira imenirudia upya.

Nilikuwa mdogo. Bibi alitoka kuanika dagaa ufukweni Kibirizi, tukaenda moja kwa moja kwenye kwaya, kitabu chake cha nyimbo kikiwa mikononi mwake bado ina harufu ya dagaa. Mwalimu wa kwaya, kijana tu, hata shikamoo hakumpa.

"Mama, kaa nyuma. Unanuka."

"Hao dagaa jana si ulikula kwangu sahani mbili, mwanangu?" bibi akamjibu. Watu wakacheka, lakini nyuma tulikaa.

Mimi nikanuna. Bibi akanisukuma kwa kiwiko. "Imba, mjukuu wangu. Mungu hazibi pua."

Nikaimba kwa hasira mpaka koo likauma. Hadi leo nikivunjika moyo, nakinusa kwanza kitabu hiki, ndipo naimba.