Siku Wanafunzi Wangu Waliponiacha Chooni

Aibu hii nimeificha sana, lakini leo nawasimulia, chekeni mtakavyo: nilijifungia chooni kule kambini Munigi, mchana kweupe, mbele ya prefe, yaani mkuu wa shule yetu, akina mama waliokimbia vita, na wanafunzi wangu wote.

Nafundisha ujenzi katika shule ya ufundi hapa Goma, na mwaka ule nilikataa kuwajazia wanafunzi nota za ubaoni. Niliwataka waende kambini, wawasikilize watu, shida yao iwaguse moyoni, ndipo wachore choo cha kuwajengea. Hawakuniamini hata kidogo (wao walitaka vya kukariri, mtihani upite), na prefe akanionya kwamba choo hicho kikitutia haya, narudi kwenye chaki yangu. Choo chenyewe tulikiinua juu kwa mbao, maana mawe ya volkano huyachimbi hata ukiyatukana.

Siku ya kukionyesha, Furaha, binti wa darasa langu anayeishi kambini humo humo, alishauri mama mmoja aingie kwanza ajaribu. Kiherehere kikanipanda, nikasema mwalimu ndiye anayetangulia, nikapanda ngazi na suti yangu ya harusi, nikasukuma komeo la mbao, nikatangaza kwa sauti kwamba mlango huu hafungui mtu, na kweli, hata mimi sikuufungua, kwa sababu mvua ya asubuhi ilikuwa imevimbisha mbao na komeo likakwama kabisa.

Nikavuta, nikapiga bega, nikasikia vicheko vinaanza huko nje. Nikawaambia wavunje. Wakakataa.

"Prof, tulia kwanza," Furaha akasema. "Ulitufundisha kama mwenye kutumia kitu njo anajua shida yake. Sasa njo wewe uko unatumia. Mukono yako inasikia nini?"

Basi nikajieleza humo ndani kama mgonjwa kwa daktari, jasho linanitiririka, nao nje wanabishana kwa moto ambao darasani sikuwahi kuuona, wanawauliza akina mama watoto wangeshika wapi gizani, na mama mmoja akasema mtoto wake akikwama humu usiku, risasi zinalia, atakufa kwa woga. Hapo wanafunzi wakachomoa pini za bawaba, wakauinua mlango mzima, na kabla sijatoka walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba komeo liondoke, pafungwe kamba ya mpira wa tairi.

Nikashuka ngazi, suti imechafuka, watu wanacheka, na mimi machozi ya fahari yananilenga.

Prefe akanitazama. "Nani alifundisha hawa batoto kukuacha ndani?"

"Ni mimi, Prefe," nikajibu, kifua mbele.

Akacheka mpaka akashikilia ngazi, akasema niendelee kufundisha hivyo hivyo. Naendelea, ila nimeapa: choo kipya sitatangulia tena kuingia, waingie wenyewe, mimi nitasubiri nje na nguo zangu za kazi.