Kumwosha Rafiki Nikiwa Barabarani

Majina ya wote ninaowataja hapa ninayo kichwani, hata ya watoto wao, lakini siyaandiki. Mambo ya kuoshwa kwa mtu si ya kutangaza.

Marehemu alikuwa rafiki yangu. Tuliahidiana jikoni kwake, Lanham, huku Marekani, tukichambua mchele: atakayetangulia, mwenzake amwoshe. Akanicheka, "Na unene wako huo, mimi nitakugeuzaje?" Basi akatangulia yeye.

Siku ya mazishi tulitoka kwangu Germantown asubuhi kwenda Lanham kumwosha, binti yangu akiendesha. Theluji ilikuwa imeanguka kidogo tu, ya kwanza mwaka huo, nyasi bado zinaonekana. Nikasema, "Hii nayo ni theluji?"

"Mama, hii kidogo ndiyo mbaya. Chumvi ya kuyeyusha barafu hawajamwaga, na watu wameshasahau kuendesha."

Kweli, hatukufika mbali. Mbele lori lilikuwa limeteleza likaziba njia zote, magari madogo yamegongana nyuma yake. Na nyuma yetu pia pakajaa. Kulia ukuta wa zege, kushoto bwana mmoja garini mwake anakula mkate. Nikafungua mlango, binti yangu akanidaka buibui.

"Unakwenda wapi? Lanham kwa miguu?"

"Nanyoosha miguu."

"Uteleze, tuwe na maiti wawili!"

Nikafunga. Nilikuwa nimetia udhu nyumbani, nikawa naulinda, na huku mkojo umenibana, na karafuu maiti niliyobeba mkobani inanukia gari zima. Niliona kama nimefungiwa sandukuni.

Simu ikalia. Ni binti wa marehemu, mtoto wake wa pekee, mzaliwa wa hukuhuku.

"Mama mdogo, uko wapi? Makaburini wanafunga mapema kwa ajili ya theluji. Tukichelewa, ni mpaka kesho."

"Tumekwama, mwanangu. Nani yuko hapo chumba cha kuoshea?"

"Mimi na jirani tu. Akina mama wa msikitini nao wamekwama. Jirani hajawahi kuosha. Na mimi siwezi, naogopa kumgusa Mama."

Nilitaka sana kumwambia anisubiri. Lakini mama yake alikuwa akituomba kila mara, asilazwe kwenye jokofu la maiti zaidi ya inavyobidi. Nikisubiriwa mimi, atarudishwa humo.

"Utaweza," nikamwambia. "Weka simu dirishani, sauti juu, picha usiwashe. Vaa glavu. Mfunike kuanzia kitovuni hadi magotini, na kitambaa hicho kisitoke."

"Nimemfunika. Sasa?"

"Maji yawe vuguvugu, yajaribu kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto. Sema Bismillahi. Kwanza safisha chini ya kitambaa, bila kutazama."

Binti yangu akazima hita ili nisikie vizuri. Vioo vikaingia ukungu, hata yule bwana wa mkate hatukumwona tena. Baridi ikatupanda miguuni. Nikasikia bomba linafunguliwa, jirani anasema polepole, polepole. Halafu mtoto yule, kwa sauti ndogo na kwa Kiingereza, akamwuliza mama yake kama maji si ya baridi.

Nikamwacha amwulize. Alipomaliza nikasema, "Sasa mtie udhu, mwanangu. Anza na mkono wa kulia."