Bibi Aliyeitikia Makofi

Cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa macho, wala sikuwa na homa. Mama yangu ni Mnyiha wa Nanyala, mkulima wa kahawa. Baba alitoka Pakistani, akafungua gereji ya malori Tunduma, akamwoa. Mwaka ule wa foleni za sabuni na sukari, baba akanituma nikawaone ndugu zake huko kwao Pakistani.

Niamini, watu wale ni wakarimu. Chai ya maziwa haikauki, jirani anaingia bila hodi, na ukisema umeshiba wanadhani umenuna. Wanawake hukaa uani juu ya vitanda vya kamba, wakimenya vitunguu saumu na kuchambua habari za watu. Kama mtaani Chapwa, kule Tunduma, tu! Hata maswali ni yale yale: una umri gani, utaolewa lini?

Sasa, kwetu Unyiha binti humsalimu mkubwa kwa kupiga magoti na kupiga makofi polepole, naye mkubwa huitikia kwa makofi. Siku ya kwanza nikamsalimu hivyo shangazi, dada yake baba. Ua mzima ukaangua kicheko. Shangazi akaninyanyua kwa mkono.

"Hapa tunampigia magoti Mungu tu," akasema. "Usirudie. Na ukiulizwa habari za mama yako, sema alikuwa wa huku, amekufa."

Amekufa! Mama niliyemwacha akipalilia kahawa! Kumbe shangazi alishapanga yake. Kesho yake wangekuja watu kunitazama, wanichumbie kwa ajili ya kijana wao, na hao hawakutaka mkwe aliyezaliwa na mwanamke mweusi. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda.

Mchana wa siku hiyo ya wageni joto likalaza nyumba nzima. Nikatoka uani kunawa uso. Kwenye kitanda cha pembeni, ambacho sikuwahi kuona mtu akikikalia, alikuwa amekaa bibi mmoja mwenye shela nyeupe na bangili za kioo za kijani mikono yote miwili. Nikadhani ni jirani. Shangazi alinikataza, sivyo? Basi nikapiga magoti makusudi, nikapiga makofi.

Naye akaitikia! Viganja amevikunja kama wazee wa Nanyala, makofi ya taratibu, bangili zikilia. Nani alimfundisha? Kisha akaniuliza kwa lugha ya baba, ambayo naijua kidogo, "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, bibi. Yu hai."

Akatabasamu. Nikainamisha kichwa kwa adabu. Nilipokiinua, kitanda kilikuwa kitupu, na mlango wa ua umefungwa komeo kwa ndani.

Jioni wageni wakaja. Mama wa yule kijana akaniuliza habari za mama yangu. Shangazi akanikazia macho. Nikaweka sinia la chai chini, nikasema kwa sauti, "Mama yangu ni Mnyiha, mweusi, mzima wa afya. Na bibi mwenye bangili za kijani ameniulizia hali yake leo hii, hapa uani." Nikawaonyesha na makofi yenyewe.

Wageni waliondoka chai haijapoa. Nilingoja matusi, lakini shangazi alikaa chini akalia, kisha akanieleza. Bibi yule alikuwa mama yao, yeye na baba, marehemu wa siku nyingi. Baba alipokwenda kumwona mara ya mwisho, alimweleza jinsi mkewe angemsalimu. Tangu hapo bibi akawa anajifunza makofi yale kwenye kitanda kile cha pembeni, akimngoja mkwewe. Wao wakasema akili zimemruka. Hakuna aliyemwalika mama yangu.

Niliporudi Nanyala nilimsimulia mama. Akaacha jembe, akapiga magoti kwenye udongo, akapiga makofi. Bangili tulizisikia sote wawili.

Mpaka leo nikimsalimu mkubwa hivyo, bangili hulia, na mikononi sina hata moja. Wewe endelea kucheka. Lakini asikudanganye mtu umzike mama yako akiwa hai ili upate mume. Waliokufa kweli watainuka wakuulize hali yake.