Bahasha Kumi na Mbili za Bi Lakiri

Hospitali nzima ilimwita dada yangu Bi Lakiri, kuanzia mganga mkuu hadi wafua mashuka, na jina hilo hakulichukia hata siku moja. Alikuwa mtunza stoo. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye chumba kirefu chenye dirisha moja la nondo, akipokea maboksi ya glavu, pamba, sindano na dripu. Boksi likiingia, la kwanza alilotazama ni kama limefunguliwa njiani. Likiwa zima, analiongezea utepe wake mwenyewe, anaandika tarehe, anasaini juu ya utepe, basi; hiyo ndiyo lakiri yake. Hulifungui mpaka zamu yake ifike, uwe daktari uwe nani.

"Boksi lililofungwa haliibiwi," alikuwa akiniambia. "Linaloibiwa ni lililofunguliwa. Ukifungua kabla ya wakati, umeshamfungulia na mwizi."

Na kweli bwana, stoo yake haikupotelewa hata na sindano moja. Mwisho wa mwaka, siku ya kuhesabu, maboksi yaliyobaki yalifunguliwa yote kwa mpigo mbele ya mashahidi wawili, yeye na rula yake na kalamu nyekundu, na hesabu ikatoka sawasawa. Wakaguzi walikuwa wakija na sura za kutisha, wakaondoka wanamwomba maji ya kunywa. Mimi mdogo wake ni fundi cherehani, sijui hata nimebakiwa na vifungo vingapi, kwa hiyo nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia siku akifa atataka jeneza lake litiwe utepe. Akanijibu, "Na shahidi utakuwa wewe."

Tuliishi wawili, chumba na sebule. Mume wake alikufa mapema, wangu alikimbia mapema, watoto hatukujaliwa. Sebule ndiyo karakana yangu: cherehani, mafurushi ya vitambaa, nyuzi zinazoingia mpaka kwenye chai. Chumbani vitanda viwili, na kati yake nafasi ya kupita mtu kwa ubavu. Kila tulichojinyima tulijinyima kwa ajili ya nyumba. Ilikuwa ya vyumba vitatu, mwendo wa saa moja kwa miguu, na miaka tisa ya kujenga kidogo kidogo ilikuwa imeifikisha kwenye linta tu, juu ya milango. Kuta zipo, madirisha ni matundu, paa hakuna. Mvua ilikuwa ikinyesha ndani na majani yalishaota kwenye chumba nilichoahidiwa mimi. Mpango wetu ulikuwa mmoja: kiinua mgongo cha Dada kikitoka, kinageuka mbao na mabati wiki hiyohiyo. Mpango wa pili hatukuwa nao.

Kadi ya mkopo ililetwa hospitalini na mawakala wa benki, wale wa tai na tabasamu, wakamgawia kila mfanyakazi fomu. Dada akachukua, na sitamsema vibaya, aliitumia kwa akili kuliko wote. Manesi walinunulia viatu na simu wakalia miaka. Yeye ilikuwa saruji, nondo, matofali, basi. Kila alichonunua aliandika kwenye daftari: kitu, bei, tarehe. Benki walikata kiasi kilekile kwenye mshahara wake kila mwezi, naye akipiga hesabu yake aliona deni linapungua vizuri.

Taarifa ya kadi nayo ilikuja kila mwezi kwa posta, bahasha moja. Unajua alizifanya nini? Alizitia utepe! Haki ya Mungu. Akaandika tarehe, akasaini, akazipanga kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Zilikuwa zifunguliwe siku ya kuhesabu, mwisho wa mwaka, mbele ya shahidi, na shahidi ni mimi.

"Dada, si ungefungua tu ukaona?" nilimwuliza mwaka wa kwanza.

"Nione nini? Kwani nimenunua kitu nisichokijua?"

Miaka minne mfululizo tulifungua bahasha kumi na mbili kwa siku moja, na miaka minne hesabu ilikuwa sawa mpaka senti. Kuhusu ujumbe wa simu, benki walikuwa na namba ya laini aliyoitupa zamani. Kwenda kuibadilisha kulimaanisha kupanga foleni siku ya kazi, na Bi Lakiri haachi stoo siku ya kazi.

Mwaka wa tano ndio aliostaafu, mwishoni kabisa. Walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Jumapili iliyofuata akanywa chai, akafuta meza, akashusha boksi la viatu. Mimi nikasogeza vitambaa pembeni, nikakaa kama shahidi. Alikuwa na furaha, maskini. Alikuwa akiimba kwa pua.

Bahasha ya kwanza: mifuko kumi ya saruji. Daftari likasema mifuko kumi. Tiki. Ya pili: misumari ya bati, ilinunuliwa mapema kabla bei haijapanda. Tiki. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, jina la kampuni nisiyoweza hata kulitamka, na kiasi kidogo, kama bei ya mkate.

"Hii nini?" akauliza.

"Labda makato ya benki."

"Makato hayaandikwi hivi." Akaweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, akafungua ya tatu. Kampuni ileile, mara mbili, na sasa si mkate tena. Ya nne ilikuwa na kurasa mbili. Mdharau mwiba mguu huota tende, wanasema, na mguu ule uliota mbele ya macho yangu, bahasha baada ya bahasha: tiketi za ndege, hoteli ya siku sita, simu tatu, matairi ya gari. Sisi hatuna hata baiskeli! Kwenye bahasha ya sita palikuwa na barua ya pongezi. Kwa kuwa yeye ni mteja mzuri, benki imemwongezea kiwango cha kukopa. Kwenye ya tisa wakamwongezea tena.

Hakupiga kelele. Alifungua zote kumi na mbili, kwa utaratibu, akiubandua utepe upande mmoja taratibu asiichane karatasi. Alipomaliza akajumlisha mara mbili, juu kwenda chini na chini kwenda juu. Kisha akaniambia, "Saini." Nikasaini.

Jumatatu asubuhi tulikuwa benki kabla mlango haujafunguliwa. Afisa aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulionichoma. Alizisoma taarifa zote, akamwuliza Dada kama anaitambua miamala ile. Dada akasema haitambui.

"Nakuamini, mama yangu," afisa akasema. "Huu ni wizi, nimeuona mara nyingi. Wanaanza na kidogo waone kama mwenye kadi yuko macho. Akinyamaza, wanajilia."

"Basi mnirudishie."

"Muamala usioutambua unatakiwa uulete ndani ya siku sitini tangu taarifa itoke. Imeandikwa nyuma ya kila karatasi. Ya miezi miwili ya mwisho nitairudisha leo hii. Ya miezi mingine tisa muda wake umepita."

"Lakini nimezifungua jana."

"Zilikufikia lini?"

Dada akaonyesha bahasha. Tarehe zilikuwa juu ya utepe, kwa mwandiko wake, na saini yake. Afisa aliziangalia akazirudisha mezani. Akasema kama tungeleta hata ile ya pili peke yake, ile ya bei ya mkate, kadi ingefungwa siku hiyo na tusingepoteza kitu. Alisema kwa huruma, nami nikatamani kumrukia. Nikampigia kelele. Nikamwambia benki gani hii inayompongeza mtu anayeibiwa, nikamwita majina ambayo sitayarudia, mlinzi akaja akasimama nyuma yangu. Dada akanivuta nguo nikae.

"Ni kosa langu," akasema. "Mzigo ukifika unakaguliwa siku ya kufika. Niliwafundisha watu hivyo miaka yote. Mimi nikakagua bahasha kama imefungwa, sikukagua kilichomo."

Kiinua mgongo kiliingia mwezi uliofuata, kwenye akaunti yake ya mshahara, benki ileile. Kabla hajakigusa walishakata deni na riba yake, kwa sababu fomu aliyosaini ya kadi iliwaruhusu. Kilichobaki kisingenunua hata mabati ya chumba kimoja. Tuliandika barua ya malalamiko, kisha ya pili, kisha tukapanda ngazi mpaka kwa meneja, ambaye alitupa kalamu mbili zenye jina la benki. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sisi tuliendelea kuchota kwa kiganja. Mwisho jirani wa kiwanja akaja na bei yake ya kutupa, akijua tuna shida. Alitaka kiwanja tu. Kuta alisema atazivunja, zimeshakaa sana na maji.

Nilimwambia Dada tusiuze. Nikasema nitashona mashuka ya hoteli, nitashona sare za shule, nitashona hata maturubai. Akaniuliza bati moja ni sare ngapi. Nilipiga hesabu, na tukauza.

Sasa nitasema lililobaki, kwa kuwa nimewapigia wengine kelele vya kutosha.

Siku ile benki, afisa aliuliza kama kadi iliwahi kutoka machoni pa Dada. Akasema hivyo ndivyo zinavyonakiliwa: unampa mtu, anazunguka nayo nyuma, anarudi nayo, unashukuru. Dada akasema haiwezekani, kadi haijawahi kutoka mkononi mwake. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Ile misumari niliichukua mimi, karibu mwaka mzima nyuma, naye alikuwa ameshasahau. Dada alikuwa na wakaguzi, duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa na bei ya chini ya kumalizia mzigo, akanipa kadi na namba ya siri, akanisisitiza niishikilie kama mtoto mchanga. Muuzaji aliniambia mashine iko nyuma, mtandao unashika huko tu. Nikampa. Namba nayo nilimtajia kwa mdomo, mbele ya wateja, kwa sababu nilikuwa na nguo ya bibi harusi inanisubiri nyumbani. Nilikaa kwenye mfuko wa saruji nikijipepea na risiti ya mtu mwingine. Siku nne baadaye ndipo mkate ule ulipoliwa.

Pale benki sikusema. Nilipiga kelele badala ya kusema.

Wiki moja baada ya kuuza kiwanja, mchana, nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja. Dada alikaa mezani na daftari lake na zile taarifa, kama alivyokaa kila mchana tangu astaafu. Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akisema, na alikuwa ameshawapitia wote kichwani: karani wa mishahara, mhasibu, nesi mmoja wa wale walionunua viatu. Ghafla akainua kichwa.

"Imeanza baada ya misumari," akasema. "Kabla ya misumari hakuna kitu. Hiyo misumari niliinunua lini mimi? Siku hiyo nilikuwa na wakaguzi."

Daftari lilisema kitu, bei na tarehe. Halikusema nani alikwenda.

"Si ni wewe uliyekwenda?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetafuta miwani yake.

Nilikuwa na pasi mkononi. Nikamwangalia, nikaona ana miaka sitini, hana kazi, hana nyumba, na mtu aliyebaki naye duniani ni mimi. Nikaona akijua hatakuwa hata na huyo. Ndivyo nilivyojiambia. Kusema kweli niliogopa tu.

"Ulikwenda mwenyewe, Dada," nikasema. "Jioni, wakaguzi walipotoka. Ulirudi umelowa mvua, ukalalamika miguu. Umesahau?"

Alitafuta. Niliona anatafuta kweli, macho yamesimama ukutani, midomo inahesabu. Mtu aliyeweza kukwambia boksi la tarehe fulani lilikaa rafu ya ngapi. Hakuikuta hiyo jioni, maana haikuwepo, na kwa kuwa niliyemwambia ni mimi, akaamini kwamba ilikuwepo akaipoteza.

"Sikumbuki kabisa," akasema. "Mungu wangu. Sikumbuki hata kidogo." Akafunga daftari. "Basi kichwa changu ndicho kimekufa, na mimi nawashuku watu wa watu."

"Usiseme hivyo."

"Niseme nini?" Akakusanya karatasi zote, daftari, na barua iliyokuwa imefika asubuhi ile kutoka mfuko wa pensheni, akavisukuma upande wangu wa meza. "Kuanzia leo barua zangu fungua wewe. Zisome kwanza mpaka mwisho wa karatasi, kisha unisomee. Mimi nisiaminiwe tena kwa lolote."

Nikaizima pasi, nikazipokea.