Nilikagua Kitanda cha Mama Mkwe Nikiwa Mlangoni

Mimi ni mzee wa miaka sabini na minane, naishi Uriri na mke wangu wa miaka hamsini ya ndoa. Mwenye ukurasa, nimekuomba ufiche jina langu kwa sababu ya aibu tu. Nawaandikia ninyi msionijua kwa kuwa wanaonijua huniita mtu mkweli.

Uriri si kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulifukuzwa shambani upande wa Bonde la Ufa, nilikokuwa nikifundisha. Nyumba ilichomwa na vitabu vyangu vyote vikiwa ndani. Tulikimbilia huku kwa sababu ndugu za mke wangu wako Rodi Kopany, na mwanamume anayekaa karibu na wakwe kwa kukosa pengine pa kukaa anajua anavyotazamwa. Kwa hiyo kanisa liliponipa kazi, niliishika kwa mikono miwili.

Kanisa lilikuwa na akina mama waliohudumia wagonjwa majumbani: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Mimi nilikuwa mkaguzi wao. Nesi wa zahanati alikuwa mmoja na nyumba zilikuwa nyingi, hivyo alikwenda pale tu fomu yangu ilipomwonyesha hatari. Alinifundisha mwenyewe: "Mwalimu, usiulize tu. Funua shuka, utazame mgongo, nyonga na visigino. Usichokiona, andika 'sijaona'."

Mmoja wa wagonjwa wa Rodi alikuwa mdogo wake mama mkwe wangu, amepooza upande mmoja. Kwetu Waluo huyo naye ni maro, mama mkwe kamili. Mwanamume haingii chumba anacholala maro wake, sembuse kumfunua shuka. Ningemwomba nesi atume mtu mwingine kwa nyumba hiyo moja. Sikumwomba. Niliogopa kwamba akimpata mtu huyo, atampa na nyumba zote zilizobaki.

Aliyemhudumia nitamwita Mama Atieno. Siku ya kwanza nilisimama nje ya mlango wa chumba, pazia limeshushwa, nikaita, "Mama, unaendeleaje?"

"Adhi maber, ora," sauti ikajibu. Niko salama, mkwe wangu.

Angejibu nini tena? Mwanamke wa rika lake hawezi kumsimulia mkwe habari za makalio yake. Nililijua hilo vizuri, nikaandika: ngozi nzima.

Mama Atieno alicheka. "Mwalimu, unakagua mgonjwa ama unakagua pazia? Pazia ni nzima."

Mara ya pili hakucheka. Alinifuata hadi barabarani, mikono yake bado ina povu la sabuni. "Mwalimu, hapo chini ya kiuno kumeanza kuwa nyekundu. Mchana mimi namgeuza. Nikienda kwangu hakuna mtu wa kumgeuza. Ambia nesi akuje."

"Nitamwambia."

"Andika sasa, nikiona."

Nilimjibu kwamba fomu hujazwa ofisini, ingawa ile ya kwanza niliijaza mbele yake. Ofisini nilikaa muda mrefu na kalamu mkononi. Nesi akienda, Mama Atieno angemweleza kwamba sijawahi kulipita pazia lile. Nikaandika tena: ngozi nzima.

Mara ya tatu harufu ilinipokea uani. Kulikuwa na omena, dagaa wa ziwani, zimeanikwa juu ya gunia, nikajiambia ni omena. Mimi niliyekula omena tangu utotoni. Nikaandika yale yale.

Wiki iliyofuata Mama Atieno alitembea mwenyewe hadi zahanati akamleta nesi. Kidonda kilikuwa kimefika mfupani. Maro wangu alifariki kabla ya mwezi kwisha.

Baada ya mazishi tuliitwa kanisani: wazee wa kanisa, ndugu za marehemu, mke wangu na mimi. Nesi aliweka fomu zangu tatu mezani, akamgeukia Mama Atieno. "Wiki moja kabla sijafika ngozi ilikuwa nzima. Ulimwacha amelala kwa mkojo siku ngapi?"

"Mwalimu hakuingia," Mama Atieno akasema. "Hata siku moja. Muulizeni."

Wote walinitazama. Shemeji yangu akauliza polepole, "Uliingia kwa maro?"

"Niliingia," nikasema. "Kazi ni kazi."

Kisha mzee mmoja akasema, "Huyu amemeza aibu kwa ajili ya mgonjwa. Wangapi wetu wangeweza?" Mke wangu alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuchomewe nyumba.

Mama Atieno aliondolewa kazini siku hiyo hiyo. Kwa miaka mingi hakuna familia iliyomkaribisha kwa mgonjwa wao. Kwenye misiba mke wangu hapokei chakula kutoka mkononi mwake.

Sasa kanisa linaanzisha tena huduma hiyo kwa ajili ya wazee, na akina mama wa Rodi wamempendekeza Mama Atieno aiongoze. Wanasema miaka hii ya karibuni amewauguza majirani kimya kimya na hakuna aliyelalamika. Atathibitishwa Jumapili ijayo. Mke wangu ameapa kusimama kupinga, na anataka nisimame kando yake. "Mimi nitasema nilivyosikia," ameniambia. "Wewe ndiye uliyeona kwa macho yako."

Nikisema kweli, atajua kwamba mama yake mdogo alioza nyuma ya pazia nikiwa hatua tatu kutoka kitandani. Sijui kama ataweza kukaa nami nyumba moja. Nikinyamaza, namzika Mama Atieno mara ya pili.

Msiniambie nitubu kwa Mungu. Huyo nimezungumza naye miaka yote hii. Niambieni nianze na nani kati ya wanawake hawa wawili, na nianze kwa neno gani. Shati langu la Jumapili mke wangu amekwisha kulipiga pasi.