Gari la Kulala la Daktari wa Ng'ombe

Mimi ndiye niliyelitaka lile gari. Nasema hilo mapema kwa sababu mume wangu, mpaka leo, husimulia kana kwamba wazo lilikuwa lake, na watu humpongeza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, hapa hapa Karatu. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, nikaolewa na Mwiraqw, na hakuna aliyenieleza maana ya kuolewa na mtoto wa mwisho. Katika ukoo wao kaka wakubwa huoa wakaenda kujenga mbali. Wa mwisho habanduki. Anabaki na mama kwenye nyumba ya mama, na mke wake anabaki humo humo. Nyumba yenyewe ilikuwa ya bati, vyumba viwili, na ukuta wa katikati fundi alikuwa ameuachia njiani, haukufika juu. Milango ya vyumba ilikuwa mapazia. Nikipiga chafya upande wangu, mama mkwe ananiombea afya upande wake. Nikimnong'oneza mume wangu jambo usiku, asubuhi mama anatoa maoni.

Hakuwa mkorofi, na hilo ndilo lililonikera. Angekuwa mkorofi ningekwenda kwetu kumshtaki. Alikuwa mama mwema mwenye masikio.

Basi kulikuwa na daktari wa mifugo, Mzungu wa makamo, aliyezunguka miaka mingi kuchanja ng'ombe huko Umasaini, kuanzia Kakesio mpaka Arash, akilala ndani ya gari lake. Lilikuwa gari refu, jeupe chini ya vumbi, lenye kitanda, kabati, sinki na jiko dogo la gesi. Mume wangu alikuwa fundi wa gereji, na ndiye aliyelitengeneza kila liliporudi limechoka. Siku moja nilimpelekea makande ya mchana, nikamkuta amelala chini ya gari. Daktari akanikaribisha nichungulie ndani. Wengine wangeangalia jiko. Mimi niliangalia mlango wa nyuma. Ulikuwa wa bati, mzima, na kitasa cha ufunguo.

"Nauza," daktari akasema kwa Kiswahili chake cha Umasaini. "Narudi kwetu moja kwa moja. Lakini nisikufiche, mama, hii modeli kiwanda kimeacha kuitengeneza. Niliwaandikia barua, wakanijibu hata spea hawana tena."

Niliipenda roho yake. Mume wangu hakuipenda hata kidogo ile habari.

Wiki mbili tulibishana, tukibishania shambani kwenye maharage, maana nyumbani tungekuwa watatu. Pesa ya ngano ya msimu ule ingetosha, kwa hiyo hoja haikuwa pesa. Hoja yake ilikuwa ufundi. Modeli hai, alisema, ikivunjika unabomoa nyingine unapata kifaa; modeli iliyokufa ikivunjika unabaki unaitazama. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa miaka kadhaa, na hata spea za magari ya kawaida alizipata kwa kubembeleza. Halafu akanihesabia magonjwa ya gari: springi, klachi, giaboksi iliyoanza kulalamika.

"Wewe unanunua gari," nikamwambia. "Mimi nanunua mlango."

Alisimama na jembe lake. Nikamweleza mpango wote. Gari tungeliegesha uani kwa mama, hatua ishirini kutoka kwake. Nani angesema mtoto wa mwisho amehama? Mchana ningepika kwa mama, ningekula kwa mama, ningefagia kwa mama. Jioni ningeingia kwangu nikafunga. Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini, na hapo nikajua nimempata nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwa mama yake.

Mama aliposikia aliweka kibuyu chini.

"Mlale uani, na nyumba ipo? Majirani watasema nimewafukuza."

"Hawatasema, mama."

"Watasema. Mimi mwenyewe ningesema."

Bila ridhaa yake hakuna ambacho kingefanyika, na mimi nilijua hivyo. Nikashauri tulijaribu kwanza gari, na mama aje nalo. Nilifikiri akishaona kabati na sinki atalainika. Daktari akakubali, akatutilia na petroli, ambayo siku hizo ilikuwa adimu kuliko sukari. Tukachagua Jumamosi, kwa kuwa Jumapili mchana magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani.

Tulipanda kuelekea Ngorongoro asubuhi, mimi na mume wangu mbele, mama nyuma peke yake, amekaa kwenye kitanda na shuka lake, uso wa mtu anayepelekwa hospitali. Baada ya geti la hifadhi mlima ukaanza, ukungu umekaa kwenye miti, njia nyekundu inateleza. Gia namba mbili ikaanza kuchomoka. Mume wangu aliishikilia kwa mkono mmoja huku anapiga kona kwa mwingine, na mimi nikaongea mambo ya mahindi ili asipate nafasi ya kusema neno.

Tulifika ukingoni. Ukungu ukafunguka, na kreta yote ikalala chini yetu, ziwa lake linang'aa. Mume wangu hakuitazama; aliingia uvunguni mwa gari. Mimi nikazunguka nyuma kumwita mama, ambaye alizaliwa akiuona mlima huu kwa mbali na hakuwahi kufika juu yake.

"Mama, njoo uone."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Mama, u mzima?"

"Nimekaa," sauti ikajibu.

"Unafanya nini?"

"Nimesema nimekaa."

Nikamwita mume wangu. Alitoka na grisi mpaka kwenye nyusi, akagonga dirisha. "Aayo!" akaita, yaani mama kwa Kiiraqw, akaongeza maneno mengi nisiyoyaelewa. Akajibiwa neno moja. Akanigeukia. "Anasema tumwache."

Tulingoja kama nusu saa kwenye baridi ile, tunapuliza vidole, birika la chai limefungiwa ndani pamoja naye. Nilikasirika, sifichi. Hatimaye ufunguo ukazunguka, mama akashuka polepole, amefunga kilemba upya. Nikamwonyesha kreta.

"Nimeiona," akasema, akiwa ameipa mgongo.

Kurudi, gia namba mbili haikuingia kabisa. Tulishuka mlima wote kwa namba moja, injini inalia, na tulipofika uani mume wangu alizima gari, mikono akaiacha juu ya usukani.

"Giaboksi imekwisha," akasema. "Spea yake haiko Arusha, haiko Nairobi. Haiko duniani. Nitamrudishia daktari hivi hivi, nimwombe radhi."

Nililia. Nilikuwa mwanamke mzima na nililia kwa ajili ya mlango wa bati, wala sikujali nani ananiona.

"Kwani ni lazima liende?" mama akauliza kutoka nyuma.

Tuligeuka wote wawili.

"Nauliza. Nyumba yangu imewahi kwenda wapi? Mwambie daktari apunguze bei, lisukumwe pale karibu na zizi, mlango uangalie shamba."

Nikaruka nikaenda kumkumbatia. "Asante, mama! Nitalitunza, utaona!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ulitunze wewe? Wewe si una nyumba? Hili ni langu."

Nikamwachia.

"Mimi pia niliolewa na mtoto wa mwisho," akasema. "Nililala na mama mkwe wangu mpaka tulipomzika. Halafu wakaja watoto, saba, chumba hicho hicho. Wakaondoka. Nikasema sasa nitapumua, ukaja wewe. Unadhani ni wewe peke yako unayesikia ukuta ule?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mwaka mzima nilikuwa nimejihurumia kwa pazia langu, na haikunijia hata siku moja kwamba pazia lina pande mbili.

"Na majirani?" mume wangu akauliza.

"Waseme. Nitakuwa nimefunga."

Daktari alipunguza bei, akacheka, akaondoka nchini na furaha yake. Trekta la jirani lililivuta gari mpaka karibu na zizi, mume wangu akaliinua juu ya mawe. Mama alihamia siku hiyo hiyo na kigoda, Biblia na blanketi mbili. Nilimfuata na sufuria, akaipokea mlangoni.

Funguo zilikuwa mbili kwenye pete moja. Mume wangu alinyoosha mkono, akamwomba aachiwe mmoja wa akiba, ikitokea dharura.

Mama alifunga zote mbili kwenye ncha ya khanga, akakaza fundo kwa meno.

"Mtabisha hodi," akasema.