Fundi Aliyelaza Saruji Chini ya Kitanda

Saa saba mchana, jua limekaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga. Ndani ya bwalo la shule, Mama Magunia amepiga magoti, shavu nusura liguse sakafu. Anatafuta ufa. Anaomba asiuone.

Katika miaka kumi na tisa ya kumwaga sakafu, hajapata kuaibishwa kama na bwalo hili. Mara mbili amelimwagia zege, mara mbili likapasuka. Mkuu wa shule alimwambia wazi: ufa wa tatu, anaitwa fundi mwingine.

"Walisema naiba saruji," anasema. "Mimi! Hata sukari ya mume wangu naiiba kwa woga."

Jibu alilipata nyumbani. Alifinyanga vipande viwili vya saruji, kila kimoja cha urefu wa mita moja, vikaingia kwa kubana kwenye fremu ya chuma. Vilipokuwa vigumu, kimoja akakipandisha juu ya bati, kingine akakilaza chini ya kitanda, penye ubaridi kuliko kwingine kote.

"Nilidhani ni mwizi," anasema mumewe, mshona viatu, akionyesha kidole cha mguu alichokigonga gizani, ambacho hadi leo hakijasamehe. "Kumbe nimelala na saruji wiki tatu!"

Wiki zilipokwisha, aliviacha vipoe sawa, akavirudisha kwenye fremu. Kwenye mwanya kati ya fremu na kile cha kitandani zilipita karatasi mbili. Kwenye kile cha batini, sita!

"Nilipiga kelele, jirani akaja na ndoo akidhani tunaungua," anasema Mama Magunia.

Bwalo lilikuwa likikaangwa. Saruji ngumu hunywea ikikauka, na joto huizidishia. Ikinywea huku imeshikwa chini, hupasuka.

Alipomwaga mara ya tatu, aliifunika sakafu kwa magunia mabichi siku kumi na nne, akaziba madirisha kwa mashuka makuukuu ili ikauke polepole. Ndipo wanafunzi wakampa jina la Mama Magunia.

Leo ni siku ya arobaini. Mkuu wa shule anaingia na tochi.

"Vipi, fundi?"

"Tafuta mwenyewe, mwalimu. Macho yangu yana upendeleo."

Mwalimu anazunguka. Kwenye kona ya mwisho anasimama, anainama. Mstari mwembamba! Mama Magunia anashika kifua.

Mwalimu anapuliza. Mstari unaruka.

"Uzi wa gunia," anatangaza. "Fundi, lini unaanza baraza la maabara?"

Baraza hilo linapigwa na jua kutwa nzima. Mama Magunia anacheka hadi machozi. Tayari anapanga kipande cha tatu.

"Sawa," anasema mumewe jioni, akisikia habari hiyo nyumbani. "Ila hiki kilale upande wako."